Chombo Kutoka Angani na Mwami Kutoka Kaskazini

Hadithi yenyewe, ndugu msomaji, unaifahamu hata kama hujawahi kuisoma. Profesa mmoja wa ng'ambo anapata ramani ya kale. Anafunga safari mpaka Kigoma, anakodi gari, anapanda milima ya Kasulu na kuishika njia ya Kibondo hadi mahali ambapo wenyeji wanasema hapakanyagwi na mtu. Wanachimba. Sururu inagonga chuma kisichoshika kutu. Ni chombo cha angani, kimelala chini ya udongo mwekundu kwa miaka elfu kumi, na viumbe waliokuja nacho ndio waliowafundisha wanadamu kufua chuma, kujenga kwa mawe na kuzisoma nyota. Hapo zinaingia helikopta, wanaingia majasusi wa mataifa makubwa, risasi zinarindima, na yule mwenyeji mwaminifu aliyebeba mizigo anafariki, kama ilivyo desturi ya utanzu huu, kabla kitabu hakijafika nusu.

Kwa muda sasa wanafunzi wangu wa historia wamekuwa wakinitumia video za aina hii kwa simu, nyingine zikiwa za kubuni waziwazi na nyingine zikijidai kuwa utafiti. Huuliza, "Daktari, kuna ukweli wowote hapa?" Jibu fupi ni kwamba hapana. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu anayesomea historia, kwa sababu hadithi hii nayo ina historia yake, na historia hiyo imepita hapa hapa kwetu, katika nyanda za juu za Buha, ikaacha makaburi upande wa pili wa mpaka.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na ubunifu. Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani katika Kusadikika, mwaka 1951, na hakuna msomaji mwenye akili aliyemtaka aonyeshe ngazi ya kupandia. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, na tukajifunza kwamba riwaya ya upelelezi yaweza kuandikwa kwa Kiswahili kitamu. Mwandishi ana haki ya kukizika chombo chochote katika mlima wowote. Ninachokipinga ni sentensi moja iliyojificha chini ya kisa, ambayo haitamkwi ila hufanya kazi yote: kwamba watu wa mahali hapa hawakuweza wenyewe.

Tuanze na kitu cha kweli kilichotoka angani, maana Tanzania tunacho. Kipo Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, juu ya kilima cha Marengi. Ni kimondo cha chuma chenye urefu wa kama mita 3, ambacho uzito wake ulikadiriwa zamani kuwa tani 16 na siku hizi hukadiriwa kuwa tani 12 hivi. Sehemu yake kubwa, kama asilimia 90, ni chuma, na sehemu nyingine nikeli. Vitabu vinaandika kwamba "kiligunduliwa" Oktoba 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakikijua siku nyingi. Desemba ya mwaka huohuo mtaalamu wa idara ya jiolojia alikwenda kukata kipande kidogo kwa msumeno wa mkono, na kazi hiyo ilimchukua saa 10.

Sasa tazama jambo ambalo video hazilisemi. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa mafundi wa chuma waliosifika. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakalifanyia kazi tena donge lililopatikana mpaka likawa jembe au shoka. Tani nyingi za chuma kilichokwisha kuwa tayari zilikuwa zimelala kilimani mwao, nalo jembe lao lilitoka udongoni, kwa mkaa, kwa jasho na kwa elimu ya vizazi. Kilichotoka mbinguni kilikuwa kigumu kiasi cha kumshinda mtu mwenye msumeno wa chuma cha pua. Kilichotoka ardhini ndicho kilicholima. Kama ningekuwa mwandishi wa riwaya, hapo ndipo ningelitafuta fumbo langu. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambayo wengi tuliishangilia na mimi nikiwemo, inajenga ustaarabu mzima wa Kiafrika juu ya kimondo kilichoanguka. Ni heshima ya namna yake. Lakini hata humo, ili Mwafrika awe fundi, ilibidi kwanza mbingu imdondoshee kitu.

Rudi nyuma sasa tuufuate ukoo wa hadithi hii. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Aliuchunguza mti wa mlangoni, akaona unafanana kwa rangi na harufu na mti wa penseli yake, akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba hapo palikuwa pa Malkia wa Sheba. Kwa ushahidi wa penseli, Washona walinyang'anywa mji wao. Miaka 14 baadaye, mwaka 1885, Rider Haggard alitoa King Solomon's Mines, na mwaka 1887 akafuatisha She, ambamo wasafiri wanaotupwa na dhoruba kwenye pwani ya Afrika Mashariki wanakuta ndani ya bara mji wa kale uliojengwa na taifa lililokwisha kutoweka, taifa lisilokuwa la watu weusi wanaoishi hapo. Riwaya ya kwanza ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikasomwa mashuleni miaka mingi. Babu zetu waliobahatika kusoma waliupata ufasaha wa Kiswahili humo, na humo humo wakaambiwa kwamba barabara kuu na machimbo ya ndani ya Afrika yalikuwa kazi ya wageni wa kale.

Wanaakiolojia hawakuchelewa kujibu. David Randall-MacIver alichimba Zimbabwe mwaka 1905 akasema ni kazi ya Waafrika, na ya zama za kati. Gertrude Caton-Thompson alichimba tena mwaka 1929 akasema vilevile, kwa ushahidi mwingi zaidi. Haikusaidia. Serikali ya walowezi ya Rhodesia iliendelea kulitaka jibu lingine, mpaka Peter Garlake, mtaalamu yuleyule aliyekuwa ameandika juu ya majengo ya kale ya pwani yetu, akalazimika kuiacha nchi mwaka 1970. Wakati huo Erich von Däniken alikwisha kuchapisha, mwaka 1968, kitabu chake kilichouzwa mamilioni, kinachodai kwamba miungu ya watu wa kale walikuwa wasafiri wa angani. Ni kweli kwamba watu wa aina yake hawajaiacha Ulaya salama, maana hata mawe ya Stonehenge wameyagusa. Lakini sijawahi kuona kipindi kinachouliza ni nani aliyewasaidia Wafaransa kujenga kanisa la Chartres. Swali la "nani aliwasaidia" lina watu wake maalumu wa kuulizwa.

Malkia wa Sheba, taifa lililotoweka la Haggard, wasafiri wa von Däniken: nafasi ni moja, wanaobadilika ni wageni wanaokalishwa ndani yake. Na katika eneo la Maziwa Makuu nafasi hiyo ilikaliwa na mgeni ambaye hakutoka angani wala Lebanoni. Aliitwa Mhamiti.

Aliyemtambulisha kwetu ni John Hanning Speke, ambaye pamoja na Richard Burton alifika Ujiji Februari 1858, na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kwamba watawala wafugaji wa falme za maziwa walikuwa uzao wa watu wa Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi, na kwa haki ya marehemu niseme mwenyewe aliiita nadharia. Wengine waliomfuata ndio walioifanya sheria ya maumbile. Mwaka 1930, mwaka uleule ambao Nott alikuwa anakizunguka kimondo cha Mbozi, C. G. Seligman alichapisha kitabu chake Races of Africa, kilichofundisha kwamba kila ustaarabu uliopo Afrika ni kazi ya Wahamiti, watu wa jamii moja na Wazungu, waliokuja kwa mawimbi na kuwazidi wakulima weusi kwa silaha na kwa akili. Kitabu hicho kilirudiwa kuchapishwa mara kadhaa, hata baada ya nchi zetu kuanza kujitawala.

Buha ilikuwa mahali mwafaka pa kuithibitisha, kwa macho ya aliyetaka kuthibitisha. Falme zake, Heru kwenye upande wa Kasulu, Muhambwe penye Kibondo, Buyungu penye Kakonko ya leo, na nyinginezo, zilitawaliwa na Bami wa koo za Kitusi, wenye ng'ombe, huku walio wengi wakiwa wakulima. Masimulizi ya koo hizo za utawala yenyewe yalisema wametoka kwingine. Mkoloni alisikia "tumetoka kaskazini", akaandika "ustaarabu umetoka kaskazini". Kati ya sentensi hizo mbili pana umbali mkubwa kuliko kutoka hapa hadi mwezini.

Kwanza, masimulizi ya mfalme kutoka mbali si cheti cha kuzaliwa. Ni siasa. Mtawala anayesema ametoka nje anajitangaza kuwa hana upande katika ugomvi wa koo za wenyeji, kwa hiyo anafaa kuwa mwamuzi. Simulizi za namna hiyo zimejaa duniani, na huku kwetu pwani zipo za Washirazi. Yaweza kuwa familia fulani kweli ilihama. Watu wote wamehama. Lakini kuhama kwa ukoo mmoja hakuthibitishi kwamba waliohamiwa walikuwa wamekaa gizani wakingoja.

Pili, na hili ndilo lenye uzito kwangu, Mwami wa Buha hakuwa mwenye ardhi. Mwanahistoria Michele Wagner, katika sura aliyoiandika juu ya Buha ndani ya kitabu Custodians of the Land cha mwaka 1996, kilichohaririwa na Gregory Maddox, James Giblin na mwalimu wetu Isaria Kimambo, anawaeleza abateko, walinzi wa ardhi, ambao ndio waliojua kila kijito, kila kilima na nguvu zilizoaminiwa kukaa hapo, na ambao ndio waliosimama kati ya watu na ardhi yao. Mwami aliingia katika nchi iliyokuwa na wenyewe, wenye elimu yake, na bila wao hakuwa na mahali pa kukanyaga. Mtawala wa kutoka mbali, kwa hiyo, ndiye aliyekuja kujifunza.

Tatu, kuna chumvi. Chemchemi za maji chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kusini mwa Kasulu, zilichimbwa kitaalamu mwaka 1967 na J. E. G. Sutton na Andrew Roberts. Walikuta matabaka ya vigae vya vyungu, majivu na mafiga ya kuchemshia, na yaliyo chini kabisa yanarudi nyuma mpaka karne ya tano au ya sita, zama za kwanza za chuma. Miaka elfu moja na mia kadhaa! Hapo hapakuwa na kasri wala mnara, ndiyo maana hakuna anayetengeneza filamu. Palikuwa na watu waliokuja wakati wa kiangazi, wakachemsha maji, wakagawana chumvi kwa kanuni, wakaondoka. Karne ya 19 chumvi hiyo ilisafiri Buha, Burundi, Unyamwezi na ng'ambo ya ziwa, ikikutana njiani na majembe ya chuma. Jembe, isuka kwa lugha ya nyumbani, lilikuwa mali ya kulimia, ya kulipia mahari na ya kununulia. Nenda kaskazini kidogo, Buhaya, ambako mwaka 1976 Peter Schmidt aliwaomba wazee wajenge tanuru kama walivyofanya ujanani. Yeye na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwa na umri wa miaka kati ya 1500 na 2000, na kwamba mafundi waliipasha hewa moto kabla haijaingia tanuruni. Hoja hiyo ya mwisho ilipingwa na wataalamu wengine kwa vipimo na kwa hesabu, na ubishi haujafungwa vizuri hadi leo. Nauona ubishi huo kuwa heshima kubwa kuliko vipindi vyote vya viumbe wa angani: watu wazima wenye shahada wakigombana miaka 40 juu ya jinsi mzee wa Kihaya alivyopuliza moto wake.

Mtu ataniuliza, basi kuna madhara gani? Kijana akiamini chombo cha angani, amemdhuru nani?

Hapo yatubidi tuutazame mpaka. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma yakitoka Kongo, na Buha ikawa chini yao. Mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliwaachia Wabelgiji Rwanda na Urundi na kuipa Uingereza sehemu nyingine, na mwezi Machi 1921 Wabelgiji wakaikabidhi Kigoma kwa Waingereza. Waha na Warundi wanasikilizana lugha. Bami wao walikuwa wa asili moja, mikataba yao ya ng'ombe, ubugabire, ilifanana. Mstari uliochorwa na mabwana wawili mezani ndio uliowatenga.

Upande wa magharibi wa mstari, nadharia ya Mhamiti ilifanywa utawala. Katika Urundi machifu wa Kihutu waliondolewa mmoja baada ya mwingine, na kufikia mwaka 1945 hapakubaki hata mmoja. Katika Rwanda kabila liliandikwa kwenye kitambulisho. Mashuleni watoto walifundishwa kwamba hawa ni wenyeji na wale ni wageni waliozaliwa kutawala. Upande wa mashariki, tusijipambe, Waingereza nao waliwaimarisha Bami kwa sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926. Lakini hapa machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, kitambulisho cha kabila hakikuwapo, na Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyekikalia kiti hicho miaka ya mwisho ya ukoloni, anakumbukwa Kasulu kwa heshima na watu ambao baba zao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Sisemi kwamba nadharia pekee ndiyo iliyotofautisha pande hizi mbili. Ardhi, vyama, majeshi na woga vyote vilikuwa na sehemu yake. Nasema kwamba ilipofika siku ya kuchinjana, maneno ya kuhalalisha yalikuwa tayari, yameshaandikwa na wasomi.

Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, yaliyowalenga Wahutu, hasa waliosoma, yaliwaleta kwetu wakimbizi wa kwanza kwa wingi. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa nao katika makazi ya Mishamo na mjini Kigoma. Alichokikuta Mishamo kinasikitisha: waliofukuzwa walikuwa wameishika nadharia ileile ya Mhamiti na kuigeuza kichwa chini. Kweli, walisema, Watutsi ni wageni kutoka kaskazini, na mgeni aliyeingia kwa hila hana haki ya nchi. Waliokuwa wamejichanganya mjini Kigoma, wakiuza, wakioa, wakijiita Waha au wasijiite kitu, hawakuwa na haja kubwa ya hadithi hiyo. Mwezi Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, Léon Mugesera alihutubia mkutano akidokeza kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mto ule hauendi Uhabeshi kwa mtumbwi, na wasikilizaji wake walijua. Mwaka na nusu baadaye maiti zilipita Akagera. Nadharia ya Speke, safari ya kurudi.

Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, na tena mwaka 2015, barabara za Kibondo na Kasulu zilijaa watu wenye magodoro kichwani. Nyarugusu, Mtabila, Nduta, Mtendeli: haya ni majina ya kwetu, na dunia inayajua kama majina ya kambi. Ukisimama sokoni Kibondo utamkuta kijana aliyezaliwa kambini, ambaye hakuna kitu alichofanya isipokuwa kuzaliwa na wazazi ambao mtu fulani, katika kitabu fulani, alisema si wa hapa. Kwa kijana huyo swali la "nani alitoka wapi na nani alimletea nani ustaarabu" halijawahi kuwa burudani. Ndiyo maana wanafunzi wanapolileta darasani kwa sura ya chombo cha angani, silicheki.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo waandishi wa riwaya hizi hulihitaji bila kujua lilivyopatikana. Wanahitaji mlima mtupu. Wanahitaji mahali pasipokanyagwa, palipofunikwa na msitu, ambapo wenyeji hawana kumbukumbu ila hofu. Sehemu za namna hiyo zipo kweli mashariki mwa Kibondo na Kasulu, kuelekea Moyowosi. Lakini utupu wake una tarehe. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, ikipambana na malale, iliwaondoa watu katika makazi yao yaliyotawanyika ikawakusanya mahali pamoja, na mbung'o na wanyama wakayachukua mashamba yaliyoachwa. Helge Kjekshus alishatufundisha mwaka 1977 kwamba mengi tunayoyaita mapori ya asili ni mapori yaliyotengenezwa na karne moja ya misukosuko. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, miongoni mwa operesheni za mwanzo za vijiji, na watu wa Buha wakahamishwa tena, safari hii na serikali yao wenyewe. Barabara, shule na zahanati zilikuja, sikatai. Lakini elimu ya abateko haikuwa ya kubebwa kwenye lori. Ilikuwa elimu ya mahali: jiwe hili, mti huu, kijito hiki. Ukimwondoa mzee kwenye kilima chake, kilima kinabaki bila msemaji, na kisicho na msemaji humsemea yeyote mwenye kamera.

Nimepita huko mara kadhaa. Mvua ikinyesha, katika baadhi ya njia za ng'ombe hutokeza vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu kama sponji. Watoto huvirusha kama mawe. Ni mavi ya chuma, taka za tanuru. Kila kipande ni sahihi ya fundi. Ukikipeleka maabara kinaweza kueleza mawe yalitoka wapi, moto ulifika wapi na mkaa ulikuwa wa mti gani. Inahitajika fedha ndogo kuliko ya semina moja ya siku tatu hotelini.

Na anayetaka riwaya ya kusisimua ya Buha hana haja ya kwenda angani. Mwanzoni mwa Novemba 1871 Stanley aliivuka Uha akimtafuta Livingstone. Alilipa hongo kwa chifu wa kwanza, akalipa kwa wa pili, akaambiwa wako wengine mbele. Aliona vitambaa vyake vitakwisha kabla hajafika Ujiji, basi akanunua mtu wa kumwonyesha njia na kuutorosha msafara wake usiku kupitia msituni, huku wote wakiamriwa wasitoe sauti. Mwanamke mmoja wa msafara alishikwa na woga akapiga kelele. Stanley mwenyewe anaandika kwamba alimchapa mpaka akanyamaza. Dunia nzima imekisoma kisa hicho kutoka upande wa wanaotoroka. Hakuna aliyekiandika kutoka upande wa wenye nchi, ambao ushuru wa njia ulikuwa sheria yao na mapato yao. Riwaya hiyo ingeanzia alfajiri, katika nyasi ndefu, kwa vijana wa Mwami wanaofika kambini kudai haki yao na kukuta vibanda vitupu, majivu yangali na moto ndani yake, na njia mpya iliyokanyagwa kuelekea magharibi.